MGENI MWENYE BUNDUKI

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bila shaka walikuwa wakimfikiria mgeni wa kawaida, aliyekuja na kikapu chake mkononi. Je, mgeni akija na bunduki, hiyo siku ya tatu utampa nini? Na nani atathubutu kumwambia kwamba siku zake zimekwisha?

Nauliza swali hili kwa sababu nchi yetu yenyewe ni mgeni wa namna hiyo. Tarehe 16 Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka yakaingia Somalia. Wakati huo mimi sikuwa nimefikisha hata miaka mitatu. Sasa niko kidato cha tatu, na mtaani kwetu yupo mama ambaye simu ikilia usiku hushtuka, kwa maana mwanawe ni askari. Mwaka huu chamani tulijadili kama ni haki nchi kuingia katika vita vya jirani. Makofi yalipigwa pande zote mbili, lakini niliona kwamba wengi wetu tunabishana bila kujua mambo yalianza wapi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

NYUMBA ILIVYOSHIKA MOTO

Somalia ilitawaliwa na Siad Barre tangu Oktoba 1969, alipotwaa madaraka kwa mapinduzi. Januari 1991 wapiganaji wa koo mbalimbali walimfukuza kutoka Mogadishu. Ubaya ni kwamba waliungana kumtoa yeye, lakini hawakuungana kuhusu nani aingie mahali pake. Ali Mahdi Mohamed na Jenerali Mohamed Farrah Aidid wakagombania mji mkuu kwa mizinga. Kufikia 1992 njaa ilikuwa inaua watu kama vile risasi hazikutosha.

Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Miongoni mwa nyasi hizo walikuwamo ndugu zetu wa lugha. Katika mji wa Barawa, kusini mwa Mogadishu, wako watu wasemao Chimwini, ambayo ni lahaja ya Kiswahili. Visiwa vya kusini mwa Kismayu ni vya Wabajuni, ambao lahaja yao mnaisikia Lamu. Hawa hawakuwa na wanamgambo wakubwa wa kuwatetea, wakaporwa, na wengi wakaja kwa vyombo vya baharini hadi pwani ya Kenya. Wengine walikuja kwa miguu. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991, na mwaka wa ukame mkubwa wa 2011 zilikuwa na watu karibu nusu milioni. Kwa hivyo, mtu asituambie ati vita vya Somalia ni vya mbali.

Wageni wa kwanza wenye bunduki walitoka ng'ambo. Desemba 1992 wanajeshi wa Marekani walitua Mogadishu kulinda chakula cha msaada. Walianza vyema, na watu wengi waliokuwa wanakufa njaa walipata chakula. Baadaye kazi ya kulinda magunia iligeuka kuwa kazi ya kumsaka Aidid. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 yalizuka mapigano makali mjini, ambapo Wamarekani 18 waliuawa, pamoja na Wasomali wengi mno kuliko hao. Marekani ikaondoka Machi 1994, na Umoja wa Mataifa ukafuata Machi 1995. Nyumba ikabaki inawaka.

MBONA JIRANI ALIKATAZWA?

Sasa nawaomba mtulie hapa kidogo, maana ndipo kiini cha makala yangu kilipo. Tarehe 6 Desemba 2006 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1725, lililoruhusu kikosi cha Afrika kipelekwe Somalia. Ndani yake mliwekwa sharti moja ambalo watu wengi hawalijui: nchi zinazopakana na Somalia zisipeleke majeshi yake huko. Nchi hizo ni tatu tu, nazo ni Ethiopia, Djibouti na Kenya.

Mtu atauliza, mbona akatazwe jirani, naye ndiye anayeona moshi wa kwanza? Mimi naona sababu tatu.

Kwanza, jirani ana ugomvi wa zamani. Tazameni bendera ya Somalia. Ina nyota nyeupe ya pembe tano, na kila pembe inasimamia sehemu moja waliyoishi Wasomali. Mojawapo ni Ogaden, iliyo Ethiopia. Nyingine ni kaskazini mashariki mwa Kenya. Kwa ajili ya Ogaden, Somalia na Ethiopia zilipigana vita vikali 1977 na 1978. Na sisi tulikuwa na vita vya Shifta vilivyoanza 1963 hadi 1967. Msomali mzee akiona askari wa Ethiopia au wa Kenya mlangoni pake, hakumbuki msaada. Anakumbuka hayo.

Pili, jirani ana haja zake. Anayetoka mbali anaweza kusema amekuja kutuliza tu. Jirani ana mpaka wa kulinda, ana bahari, ana biashara, na angependa mtawala wa upande wa pili awe rafiki yake.

Tatu, jirani ana damu pande zote mbili. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera ni Wakenya kamili. Risasi ikilia kule, huku watu wataanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Kwa ufupi, jirani ndiye mwenye sababu nyingi kuliko wote za kuingia, na kwa sababu hizohizo ndiye asiyefaa kuwa refa.

WALIINGIA HATA HIVYO

Wino wa azimio lile haukuwa umekauka. Mwezi uo huo wa Desemba 2006 Ethiopia iliingia kwa nguvu. Serikali ya mpito ya Somalia, iliyoundwa mjini Nairobi 2004, ilikuwa imejibanza Baidoa bila nguvu yoyote, na Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulikuwa umetwaa Mogadishu tangu Juni. Ethiopia ilisema usalama wake uko hatarini na kwamba serikali ile ndiyo iliyoiita. Kufikia tarehe 28 Desemba Mogadishu ilikuwa imeshikwa. Kazi ya siku chache tu!

Lakini kuingia si kazi, kazi ni kukaa. Katika zile mahakama palikuwa na kundi la vijana wakali, al-Shabaab. Jina hilo ni la Kiarabu, na ni ndugu wa neno letu shababi. Kabla ya hapo walikuwa kundi moja kati ya mengi. Sasa walipewa hoja ambayo mtu yeyote angeielewa: Mhabeshi yuko nyumbani kwetu. Wakaandikisha vijana, wakakua. Ethiopia ikatoka Januari 2009. Na mwezi huohuo nani alichaguliwa rais wa serikali ya mpito? Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa zile mahakama zilizofukuzwa! Miaka miwili ya damu, halafu watu wakarudi pale walipoanzia, isipokuwa kwamba sasa palikuwa na al-Shabaab wenye nguvu.

Kenya ikafuata 2011. Ni lazima niseme haki: serikali yetu haikuamka tu asubuhi ikaamua kupigana. Septemba na Oktoba mwaka huo wageni walitekwa nyara katika visiwa vya Lamu, mmoja akauawa, kisha wafanyakazi wawili wa misaada wakatekwa Dadaab. Serikali ikasema ina haki ya kujilinda. Mwenye nyumba akiibiwa kila usiku, hutamlaumu akitoka na rungu.

Mwaka 2012 majeshi yetu yaliingia katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM, na kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba yakaikomboa Kismayu. Hayakwenda peke yake. Jeshi la kigeni halijui vichochoro, halijui lugha, halijui nani ni mjomba wa nani. Kwa hivyo ni lazima litafute rafiki wa mahali pale. Rafiki wetu alikuwa Ahmed Madobe na wapiganaji wake wa Ras Kamboni. Huyu Madobe mwaka 2006 alikuwa gavana wa Kismayu chini ya zile mahakama. Mwaka 2013 akawa kiongozi wa Jubaland.

Hapo ndipo mgeni anapoacha kuwa mgeni. Rafiki yako ana maadui zake wa siku nyingi, na ukishika mkono wake, maadui hao unawarithi. Ugomvi wa serikali ya Mogadishu na Jubaland ukawa pia ugomvi na Kenya. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na sisi, ukarudishwa Mei 2021. Tangu 2014 nchi hizi mbili zilikuwa pia mahakamani kuhusu mpaka wa bahari, hadi hukumu ilipotolewa Oktoba 2021, na sehemu kubwa ikaenda Somalia. Hebu fikirini: askari wetu wanailinda nchi ambayo imetushtaki! Huo ndio ujirani.

Ethiopia nayo ilijiunga na AMISOM Januari 2014. Djibouti ilikuwa imekwisha ingia. Majirani wote watatu waliokatazwa wakawa ndani.

Wapo watakaonipinga kwamba hata anayetoka mbali hapati salama. Ni kweli. Uganda, ambayo haipakani na Somalia, ilitangulia kwenda 2007, ikafuatwa na Burundi. Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala. Hata hivyo, ni askari wa nchi hizo mbili waliopigana mtaa kwa mtaa, hadi al-Shabaab wakauacha mji wa Mogadishu Agosti 2011. Mwaka uliofuata wabunge wakamchagua Hassan Sheikh Mohamud kuwa rais, mjini humohumo. Sisemi basi kwamba askari hawana faida. Nasema faida ina bei, na bei ya jirani ni kali zaidi.

BEI YENYEWE

Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotuzidi miaka michache tu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu ilivamiwa El Adde, na serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa. Nao raia wa Somalia waliokufa tangu 1991, nani aliwahesabu mmoja mmoja?

Kuna bei nyingine isiyoandikwa magazetini. Aprili 2014 polisi waliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Hata darasani nimesikia kwa masikio yangu mwenzetu akiambiwa, "Ndugu zako wamefanya tena." Yeye amezaliwa papa hapa, huimba wimbo wa taifa na sisi kila Jumatatu. Alinyamaza, akafungua kitabu. Maneno kama hayo ndiyo al-Shabaab wanayoyataka, maana mtu akikataliwa nyumbani kwao atatafuta nyumba nyingine.

Dawa yake ilionyeshwa Desemba 2015 karibu na Mandera. Basi lilisimamishwa na wauaji, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa, wengine wakawapa wenzao nguo za kujifunika. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyekuwamo alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuwa na bunduki, na alilinda nchi.

MASWALI MATATU

Nchi yoyote kabla haijavuka mpaka naona ijiulize hivi. Ni nani amenialika, mwenye nyumba au mmoja tu wa wanaogombania nyumba? Nimeenda kufanya kazi gani, na nitajuaje kwamba imekwisha? Na siku nikitoka, nani atafunga mlango nyuma yangu?

La tatu ndilo gumu. AMISOM ilipoanza 2007 ilipewa muda wa miezi sita. Ilikaa miaka kumi na mitano. Aprili 2022 ikaitwa ATMIS, na Januari 2025 ikaja AUSSOM. Jina limebadilika mara mbili, lakini kazi ni ileile. Mlango utafungwa na Wasomali wenyewe siku jeshi lao, mahakama zao na wazee wa koo zao watakapopatana. Mgeni anaweza kuwapa nafasi ya kupatana, lakini hawezi kupatana kwa niaba yao.

Kwa sasa sisi wanafunzi hatuna jeshi la kutuma wala la kurudisha. Tunao wenzetu wa madawati tunayokalia, na namna ya kuwaita majina yao. Tukianzia hapo, tutakuwa tumefanya sehemu yetu ya kulinda amani. Mwenye maoni tofauti na aje chamani mwaka ujao tubishane kwa hoja.