Kikundi kidogo cha kanisani, msaada kwa mzazi anayeumia kimya

Kiseke, kata iliyopo Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, inafanana na maeneo mengi ya miji inayokua nchini. Familia inanunua kiwanja, inajenga taratibu, inahamia kabla ya rangi kukauka. Jirani wa kulia ametoka Sengerema, wa kushoto Musoma, na wa nyuma bado hajulikani ametoka wapi. Ndugu wa damu wako mbali.

Katika mtaa wa namna hii mama anaweza kujifungua salama, akarudi nyumbani, kisha akaanza kukosa usingizi na hamu ya kula, akawa analia bila sababu anayoweza kuieleza. Baba naye anaweza kupoteza kazi, akawa anaondoka nyumbani kila asubuhi kama kawaida ili watoto wasijue. Nani atagundua?

Kwa familia nyingi za Kikristo, jibu ni watu wanaokutana nao mara moja kwa wiki sebuleni kwa mmoja wao. Wakatoliki na Walutheri wanaita jumuiya. Wengine wanasema kikundi cha nyumbani, ushirika au darasa la Biblia la watu wazima. Majina ni tofauti, lakini utaratibu unakaribiana: wimbo, sala, somo, mazungumzo, taarifa za wagonjwa, mchango na chai.

Wapo wanaoviona vikao hivyo kama mzigo mwingine wa michango. Hata hivyo, kwa jicho la afya, kikundi kidogo kinachoendeshwa vizuri ni moja ya kinga ambazo mzazi anazo karibu na nyumbani kwake.

Yalianza kwa deni

Kanisa la Methodisti ndilo lenye historia inayoeleza jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akatoa wazo: kila muumini atoe senti moja kwa wiki. Alipoambiwa wapo maskini wasioweza hata hiyo, alijibu kuwa yeye apewe watu 11, atawapitia kila wiki, na asiyeweza atamlipia mwenyewe. Wengine wakakubali kufanya hivyo.

Wakusanyaji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, walikuta mambo ambayo hayakuonekana kanisani. Huyu ni mgonjwa, yule analewa, kwa mwingine mume na mke hawaelewani. Wesley akaona kwamba kule kutembeleana kuna faida kubwa kuliko senti zenyewe. Kazi ya kukusanya deni ikageuka kuwa "madarasa" ya watu wapatao 12, yenye kiongozi ambaye wajibu wake ulikuwa kumwona kila mmoja kila wiki na kumuuliza anaendeleaje.

Wesley hakuishia kwenye sala. Mwaka 1746 alifungua London sehemu ya kuwapa maskini dawa bure, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha tiba za nyumbani. Tiba nyingi za kitabu hicho leo hakuna daktari atakayezishauri, lakini msingi wake ulikuwa kwamba anayeitunza roho ya mtu hawezi kuufumbia macho mwili wake.

Umethodisti ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1862, Thomas Wakefield alipofika Ribe, karibu na Mombasa. Leo Kanisa hilo nchini Kenya lina hospitali ya Maua, huko Meru.

Wazo la vikundi vidogo nalo lilipita njia nyingi kufika kwetu. Miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Uganda hadi Kagera, watu wakikutana kuungama na kutiana moyo. Kwa Wakatoliki, miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Kwa Watanzania waliozoea utaratibu wa nyumba kumi kumi, haikuwa vigumu kuelewa.

Kukaa pamoja kunatibu

Kuna ushahidi kutoka ng'ambo ya Ziwa. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walijaribu tiba ya sonona kwa njia ya vikundi katika vijiji 30. Watu kati ya watano na 12, wanaume kivyao na wanawake kivyao, walikutana kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo maalumu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona kali. Baada ya wiki hizo walibaki asilimia 6.5, wakati katika vijiji ambavyo havikupata vikundi ilikuwa bado asilimia 54.7.

Ile ilikuwa tiba yenye hatua zake, hivyo si sahihi kusema kila kikundi cha Biblia ni hospitali. Lakini inaonyesha watu wa kawaida, wakifundishwa na wakikutana bila kukosa, wanaweza kubebana. Tatizo lenyewe si dogo: Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Mfano mwingine uko hapa hapa Kanda ya Ziwa. Katika vijiji 16 vya Kaskazini Magharibi mwa Tanzania, huduma ya tohara kwa wanaume, ambayo hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU kwa takribani asilimia 60, ilipelekwa kote. Katika vijiji vinane, viongozi wa makanisa walipewa pia semina ya siku moja kuhusu tohara kwa upande wa dini, sayansi na utamaduni, kisha wakafuatiliwa. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet, asilimia 52.8 ya wanaume wa vijiji hivyo walitahiriwa, dhidi ya asilimia 29.5 kwingine.

Somo kwa familia ni kwamba yanayofundishwa kanisani hayabaki kanisani, yanafika hadi zahanati. Kwa hiyo yakiwa ya kweli yanaponya, na yakiwa ya uongo yanaumiza.

Kikundi kinapoumiza

Madhara ya kwanza ni siri kuvuja. Mama anaeleza ndani ya kikundi kwamba mumewe anampiga, au kwamba anatumia dawa za kufubaza VVU. Jumapili, kabla ya ibada kuanza, watu wanamwangalia kwa jicho jingine. Mtu wa namna hiyo hatarudi, na safari nyingine akiumwa hatamwambia yeyote.

Madhara ya pili ni sala kuchukua nafasi ya dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari, kifafa au VVU hatakiwi kuacha dawa kwa sababu ameombewa na anajisikia nafuu. Anaweza kuombewa huku anameza. Akitaka kubadili chochote, anarudi kwa daktari.

Madhara ya tatu ni kuchelewa, hasa kwa watoto. Degedege bado linahusishwa na mapepo katika familia nyingi. Kila mwanakikundi ajue dalili hizi za hatari kwa mtoto mdogo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Ukiona hata moja, ni kituo cha afya sasa hivi. Sala ifanyike njiani.

Kwa homa ya kawaida, mtoto apimwe malaria ndani ya saa 24.

Uliza haya kabla ya kujiunga

Mzazi anayetafuta kikundi, au aliye nacho tayari, ajiulize maswali machache.

Je, tuko wangapi? Watu 30 sebuleni ni ibada ndogo. Wakizidi 12 au 15, wa pembeni anaacha kuja na hakuna anayehesabu. Ni afadhali kugawanyika.

Je, nisipoonekana mara mbili, nani atanipigia? Kama jibu halipo, apangwe mtu wa kufanya kazi hiyo. Tena asipige kuuliza mchango.

Je, tumekubaliana kuhusu siri? Kikundi kiseme wazi, mbele ya wote, kwamba la mtu halitoki bila ruhusa yake. Isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anafanyiwa ukatili. Hapo kunyamaza si kutunza siri. Taarifa itolewe ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la Polisi, au ipigwe namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.

Je, watoto wetu wako wapi wakati tunasoma? Wasiachwe chumba kilichofungwa na mtu mzima mmoja, hata kama ni muumini wa miaka mingi. Wakae wanapoonekana, na walezi wawe wawili.

Je, baba zetu wako wapi? Vikundi vingi vina wanawake watupu. Kule Uganda wanaume walikaa na wanaume wenzao. Kama saa za kikao zinawabana, kianzishwe cha kwao jioni ya siku wanayopumzika.

Je, tunamfahamu mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu? Mwalikeni mara moja kila baada ya miezi mitatu, azungumze nusu saa kuhusu chanjo, lishe au shinikizo la damu. Swali ambalo hakuna mwenye jibu lake, piga bure namba 199 ya Wizara ya Afya.

Mambo haya hayahitaji bajeti. Wiki hii, kabla ya kufungua somo, kiongozi apitie majina na aulize nani hajaonekana tangu mwezi uliopita. Kisha watu wawili waende kwake na mkono usiwe mtupu. Kama ni mama aliyejifungua, wamwachie alale saa mbili wakimshikia mtoto, na wamuulize yeye anaendeleaje kabla ya kumuuliza mtoto ana kilo ngapi.