Hassan Mwakinyo: kwa nini bondia huyu anagawa watu kila anapotajwa

Taja jina la Hassan Mwakinyo kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, utaona watu wanagawanyika hapohapo. Wapo wanaosema ndiye bondia bora Bongo imempata kwa miaka mingi. Wapo wanaokuuliza tu: "Viatu vilishapatikana?" halafu wanacheka.

Kambi zote mbili zina hoja. Ili uelewe utani wa viatu, na kwa nini mwaka 2023 alifungiwa, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Usiku wa Birmingham

Mwakinyo ni kijana wa Tanga, kazaliwa mwaka 1995. Septemba 8, 2018 alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Lilikuwa pambano la utangulizi, kwani watu walikwenda kumtazama Amir Khan.

Mwakinyo aliitwa dakika za mwisho kuziba nafasi. Kwenye ngumi za kulipwa hilo ni jambo la kawaida. Promota wa Ulaya akitaka bondia wake ashinde vizuri nyumbani, anatafuta mpinzani kutoka mbali, wa bei nafuu, ambaye hajapata muda wa kujiandaa. Mabondia wengi wa Afrika Mashariki wanasafiri hivyo kila mwaka. Wanapigwa, wanalipwa, wanarudi, na hakuna anayejua kama walikwenda.

Huyu alimaliza kazi raundi ya 2 kwa TKO. Mwenyeji akabaki kwenye kamba, refa akaingilia. Kwenye orodha za mtandaoni za ubora wa mabondia Mwakinyo aliruka ngazi zaidi ya mia moja kwa usiku mmoja, na Watanzania ambao hawakuwa wakifuatilia ngumi tangu enzi za Rashid Matumla wakaanza kufuatilia.

Machi 2019 akampiga Muargentina Sergio Gonzalez jijini Nairobi, raundi ya 5. Septemba 2021 akamsimamisha Julius Indongo wa Namibia raundi ya 4. Indongo si mtu wa mtaani: mwaka 2017 aligombea mikanda yote minne ya uzani wake dhidi ya Terence Crawford.

Katikati hapo kuna pambano moja ambalo mashabiki bado wanalibishania. Novemba 2019, Uwanja wa Uhuru, alimshinda Mfilipino Arnel Tinampay kwa pointi, na majaji hawakukubaliana wote. Waliokuwepo uwanjani nao hawakukubaliana.

Liverpool, na habari ya viatu

Septemba 3, 2022 alikwenda Liverpool kupigana na Liam Smith, bingwa wa zamani wa dunia wa WBO. Safari hii hakuitwa kuziba nafasi ya kimyakimya, nchi nzima ilikuwa inaangalia.

Raundi ya 4 Mwakinyo alipiga goti huku akionyesha kuumia mguu, na pambano likaishia hapo. Baadaye alieleza kwamba begi lake lilichelewa safarini, akapigana na viatu visivyomtosha, kifundo kikamuuma.

Mitandao ikawaka. Watu walisema amekimbia, wengine walidai ameuza pambano bila kuleta ushahidi wowote. Shabiki aliyekesha mbele ya televisheni anaelewa ngumi ya kidevuni. Kiatu hakielewi.

Kanuni zenyewe zikoje? Bondia akiumia kwa sababu ya rafu ya mpinzani, kuna njia kadhaa za kuamua, ikiwemo kulifuta pambano. Lakini akiteguka mwenyewe, au kiatu kikimbana, hiyo siyo rafu. Akishindwa kuendelea anahesabiwa amepigwa kwa TKO. Ndiyo maana kwenye rekodi ya Mwakinyo hakuna neno lolote kuhusu viatu, ni "amepoteza" tu.

Kitu kimoja mashabiki walikisahau haraka. Miezi minne baadaye, Januari 2023, Smith huyohuyo alimwangusha Chris Eubank Jr, naye raundi ya 4. Mwakinyo alikuwa amepigwa na mtu anayepiga.

Kwa nini alifungiwa

Mgogoro mkubwa zaidi haukuwa ulingoni kabisa. Septemba 29, 2023 alitakiwa kupigana Dar es Salaam. Hakupanda. Alidai mambo waliyokubaliana kwenye mkataba hayakutekelezwa. Waandaaji wakakataa hilo, na waliokata tiketi wakabaki katikati.

Hapo ndipo inaingia Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, ambayo ndiyo inatoa vibali vya mapambano na leseni za mabondia. Bila leseni huna kazi, yaani ni kama dereva aliyenyang'anywa leseni yake ya udereva. Oktoba 2023 kamisheni ilimfungia mwaka mmoja.

Mwaka mmoja unaonekana mfupi ukiwa umekaa kijiweni. Kwa bondia wa miaka 28 ni mapambano mawili au matatu yamepotea, na hapati mshahara mwisho wa mwezi. Analipwa akipigana. Na hana klabu ya kumpigania kama mchezaji wa mpira. Mara nyingi yupo yeye, meneja wake na karatasi aliyosaini, wakati mwingine bila kuisoma yote. Kwa upande mwingine, promota naye ameshalipia ukumbi, tiketi za ndege za mabondia wa nje, hoteli na matangazo. Bondia mkuu akigoma saa za mwisho, hasara hiyo hairudi, na mabondia wadogo wa mapambano ya utangulizi wanaumia zaidi kuliko wote.

Kwa hiyo swali la nani alikosea linategemea kilichoandikwa kwenye mkataba, ambao mashabiki hawajauona. Kubishana bila mkataba mezani ni kubishana tu.

Kisha Zanzibar

Januari 27, 2024, mwaka ukiwa haujaisha, Mwakinyo alipigana na kumshinda Mbiya Kanku wa Congo, akachukua mkanda wa WBO Afrika. Wengi waliuliza: si alifungiwa?

Pambano lilifanyika Zanzibar. Michezo siyo jambo la Muungano. Waziri mwenye ofisi Mtumba, Dodoma, anasimamia michezo ya Bara, na Zanzibar ina wizara na vyombo vyake, kama ilivyo na ligi yake ya mpira. Visiwani ngumi zilikuwa marufuku tangu miaka ya 1960, zikaruhusiwa tena mwaka 2023 chini ya Rais Hussein Mwinyi. Mlango ulifunguliwa mwaka uleule ambao wa Bara ulifungwa, na Mwakinyo akauona.