Ukurasa Mmoja Kila Siku

Mama mpendwa, je, unakumbuka Jumanne iliyopita ulifanya nini? Tuliulizana swali hilo akina mama wanne, Jumamosi moja tukitoka soko la Tengeru na vikapu vichwani. Hakuna aliyejibu. Bei ya nyanya tuliikumbuka vizuri!

Ndipo mmoja wetu akamtaja bibi yake, aliyehamishwa Ngare Nanyuki mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru ili walowezi wapewe ardhi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Basi hoja za kesi zimebaki. Lakini usiku ule bibi aliwalaza wapi watoto? Aliwapa nini wale? Hayo alikwenda nayo kaburini, na wajukuu hubishana juu yake kila Krismasi.

Tukapatana. Kila mmoja anunue kaunta buku, aandike ukurasa mmoja kila siku kwa siku 30, bila kuruka, hata akisinzia. Kila Jumapili tukutane, tusomeane kile tu tunachotaka kisikike.

Juma la kwanza tulijivuna. Tuliandika ukungu uliofunika mlima Meru, jino la mtoto, migomba iliyoangushwa na upepo. Baada ya chakula cha jioni tulishindwa kabisa kuandika, kwa sababu vyombo na madaftari ya watoto hutungoja. Tukahamia saa kumi na moja alfajiri, uji ukiwa jikoni. Mmoja aliandika kwenye simu. Simu ikatumbukia ndooni siku ya sita, akaanza upya kwa kalamu.

Siku ya tisa maneno yakakauka. "Leo nimefua. Nimechoka." Kesho yake hivyo hivyo. Tulikaribia kuacha. Lakini mwenzetu mmoja aliporudi nyuma kusoma, alikuta "nimechoka" katika kurasa kumi na moja kati ya kumi na tatu. Siku zote alikuwa akijiita mvivu, na nyumbani walimwita hivyo pia. Alikwenda kupima, akaambiwa damu imepungua sana. Akapewa dawa, akashauriwa juu ya chakula. Kama si daftari angeendelea kujilaumu hadi aanguke.

La pili halikuwa jepesi. Mwenzetu mwingine aliandika kwa hasira jinsi mumewe alivyouza ndama bila kumwambia, naye ndiye aliyekuwa akimkatia majani kila siku. Daftari likabaki mezani. Mume akalisoma. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Siku ya tatu akasema, "Mama watoto, kumbe jambo hili lilikuuma hivi?" Walizungumza hadi usiku wa manane. Ndama hakurudi, na fedha zilikwisha kwenye ada, lakini sasa hakuna mnyama anayetoka zizini kabla wawili hawajakaa chini.

Tulibishana sana, je, daftari lifichwe? Wawili wanalifungia sandukuni chini ya vitenge. Mwenye ndama bado analiacha mezani, kwa makusudi sasa. Mwana Kupona wa Pate, yapata mwaka 1858, alimwandikia binti yake utenzi akijua utasomwa, na umesomwa hadi leo. Lakini kuna nyumba ambamo ukurasa kama ule ungeleta kipigo, si mazungumzo. Mama wa nyumba kama hiyo tusimwambie aache daftari mezani. Aliweke kwa mtu anayemwamini, na maneno yale amwambie mtu pia, si karatasi peke yake.

Mjukuu wa yule bibi alitumia siku zake tano za mwisho kuandika habari za 1951 kama shangazi zake wanavyozisimulia. Pale wanapopingana ameacha mistari mitupu, na daftari sasa linazunguka kwa ndugu.

Watatu kati yetu tumenunua kaunta buku nyingine. Wa nne, yule wa damu, amekataa. Tulishtuka, tukamsihi apime tena. Alipima. Yuko mzima kabisa. Ni kwamba hapendi tu kuandika.