Kimya Ndicho Kinachokwamisha Uzamivu

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kule Chimwaga, mji wetu umezoea kuona watu wazima, wenye ndoa na watoto, wakirudi shuleni kutafuta shahada ya uzamivu. Wapo wanaomaliza, na wapo wanaokwama njiani. Wiki hii tujiulize: kinachowakwamisha ni nini?

Wengi hudhani ni upungufu wa akili. Lakini mtu hapokelewi katika masomo hayo kabla hajathibitisha uwezo wake. Kinachobadilika ni namna ya kusoma. Tangu darasa la kwanza amezoea kengele, ratiba na mtihani. Sasa anapewa miaka 3 au zaidi, swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, na msimamizi anayemwona mara moja moja.

Hapo hofu hupata nafasi. Sura ya kwanza imechelewa wiki mbili, na mwanafunzi anaona haya kwenda kwa msimamizi mikono mitupu. Wiki zinageuka miezi. Akimwona kwa mbali, anapitia mlango mwingine. Msimamizi naye hudhani kazi inaendelea. Kimya hicho ndicho kinachoua tasnifu nyingi.

Dawa yake ni kuonana. Kurasa 5 mbovu zilizosomwa zina faida kuliko kurasa 50 nzuri zilizomo kichwani. Panga miadi ya kila mwezi, andika mliyokubaliana, na mpe msimamizi nakala. Kazi ikirudi imejaa wino mwekundu, kumbuka kwamba kilichosahihishwa ni maandishi, si utu wako. Tafuta pia wenzako wawili au watatu msomeane sura.

Lipo na suala la malezi yetu. Tumefundishwa kwamba mdogo habishani na mkubwa. Hata hivyo, siku ya kutetea tasnifu utatakiwa kusimama mbele ya maprofesa na kuilinda hoja yako. Anza mapema kujizoeza kusema: "Profesa, naomba nieleze kwa nini naona tofauti." Heshima imebaki, na hoja imebaki.

Msomi hahitaji kujitenga na watu ili amalize. Wangari Maathai wa Kenya alifanya sehemu ya utafiti wake Ujerumani, akarejea Nairobi mwaka 1969, akaolewa mwaka huohuo, akawa anafundisha chuoni huku akiendelea na utafiti uliohusu maumbile ya ng'ombe. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu.

Ila majukumu yana kiasi. Misiba, harusi na vikao vya michango havitakoma kwa sababu wewe unaandika. Waeleze jamaa mapema: saa fulani za asubuhi ni za tasnifu, jioni ni yao. Asiyesema mipaka yake asilalamike ikivukwa.

Nasi tulio nje ya chuo tuna wajibu wetu. Swali la "Bado tu?" humwongezea msomi aibu, na aibu humrudisha mafichoni. Ukikutana naye, muulize amefika sura ya ngapi, na lini anaonana tena na msimamizi wake. Maswali hayo mawili yanaweza kumtoa kwenye kimya.