Nyumba kongwe, faida mpya: Tuulize kwanza ni ya nani

 

Ndugu zetu katika imani, vijana wengi wenye vijiakiba vyao wamekuwa wakituuliza suala moja: je, inafaa Muislamu kununua nyumba iliyochakaa, akaikarabati, kisha akaiuza au kuipangisha kwa faida? Jawabu ni kwamba inafaa, tena ni katika chumo zuri, kwani mwenye kuinusuru nyumba inayoporomoka huwanufaisha jirani na mji mzima pamoja na nafsi yake. Lakini jawabu hilo halitoshi. Kwa kuwa wengi wa wanaouliza wanautazama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tangu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 umezidi kuwavuta wenye mitaji, tutazungumza kwa kuuangalia mji huo, na tutaanza na yaliyotufika sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulichanga fedha, sisi na wenzetu wawili, tukatafuta nyumba ya kuanzia. Dalali akatupeleka kwenye nyumba ya ghorofa mbili, yenye mlango wa nakshi na paa la bati lililooza, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya tulivyotarajia. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mwenye adabu na maneno matamu. Tukafurahi, tukatoa arubuni siku ile ile, jambo ambalo hadi leo tunalijutia. Tuliporudi na fundi kupima vyumba tulimkuta bibi mmoja amekaa chini, anachambua mchele. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatuuliza kwa upole: "Wanangu, na chumba changu nacho kimo?"

Alikuwa shangazi yake muuzaji. Nyumba ilikuwa ya baba yake, yaani babu wa muuzaji, na tangu mzee huyo afariki haijapata kugawanywa. Tulipomuuliza muuzaji, alisema bila kusita: "Shangazi tunamtunza wenyewe, hana shida yoyote." Hatuna shaka kwamba alikuwa akimtunza. Ila kumtunza mtu ni jambo moja, na kumpa haki yake ni jambo jingine. Ndipo tulipofahamu unafuu wa bei ile ulitoka wapi.

Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo la mirathi kwa rai za wanaadamu. Mafungu yamebainishwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na 12, nayo hutolewa baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Tuchukue mfano mwepesi. Mtu amefariki na kuacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumni, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu ya wanawake wawili. Kwa hesabu hiyo nyumba inakuwa na mafungu 32: mke 4, mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Kaka anayeiuza nyumba nzima kwa jina lake anauza mafungu 18 yasiyo yake, na anayenunua hali ya kuwa anajua amenunua dhulma. Aya ya 10 ya sura hiyo hiyo inatoa onyo zito kwa wanaokula mali ya mayatima. Tutazame basi kama miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo ambao hata hawajui kwamba wanadhulumiwa.

Hali huwa nzito zaidi mirathi inapocheleweshwa. Mrithi akifa kabla ya kugawiwa, fungu lake huwashukia warithi wake, na wao wakifa huwashukia wengine. Wanazuoni wa mirathi huiita munasakha, na katika Mji Mkongwe ndiyo hali ya nyumba nyingi: wenye mafungu wamo Unguja, wengine Muscat na Dubai, wengine London, na wengine hawajapata kuonana. Bi mkubwa yule amekwishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na fungu lake sasa ni la watoto wake. Sisi tulijitoa, arubuni yetu ilirejeshwa vipande vipande kwa miezi. Tulipopita mara ya mwisho upande mmoja wa paa ulikuwa umeanguka.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asianze na fundi. Aanze na swali la nani amefariki na amemwacha nani, kisha apate uthibitisho wa mgawanyo. Zanzibar mlango wa kubisha ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo husimamia mirathi ya Waislamu, na penye mgogoro ipo Mahakama ya Kadhi. Nyaraka za umiliki zikaguliwe katika usajili wa ardhi, si kwenye simu ya dalali. Warithi wote watie saini, au wakala wao mwenye idhini ya maandishi, na wanawake wasaini wenyewe baada ya kusomewa na kuelezwa. Huko Tanzania Bara, muuzaji wa nyumba ya marehemu aonyeshe barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi, na tukumbuke kwamba msimamizi si mmiliki.

Liko na suala la wakfu. Nyumba nyingi za mji ule ziliwekwa wakfu na waliotutangulia, nyingine kwa ajili ya misikiti, nyingine kwa mafukara au vizazi vyao wenyewe. Sayyidna Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar na kumtaka shauri Mtume (SAW), alielekezwa aizuie asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake, na Umar akashurutisha isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Basi anayepanga katika nyumba ya wakfu, hata akikaa miaka 40, hana cha kuuza.

Ama mtaji, tutasema machache. Mkopo wa riba hauwi halali kwa kuwa nyumba ni nzuri. Njia nyepesi kwa wanaoanza ni ushirika: kila mmoja atoe alichonacho, faida igawanywe kwa makubaliano, na hasara ibebwe kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Wanaohitaji benki wapo wanaofuata misingi ya Kiislamu. Amana Bank ilianza kazi nchini mwaka 2011. Na yote yaandikwe, hata baina ya ndugu wa tumbo moja, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana madeni.

Baadaye, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, tulipata nyumba nyingine, ndogo, ambayo warithi wake watano walikuwa wamekwishagawana na wote wakasaini. Hapo ndipo tulipojifunza habari za kuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Anayeupiga plasta ya saruji huyafungia maji ndani. Chumvi hufanya kazi yake, na baada ya misimu michache plasta hubanduka pamoja na jiwe. Chokaa huchukua muda na mafundi wake ni wachache, lakini hatujaona mbadala. Paa nalo litangulie kila kitu, kwani maji ya juu ndiyo yanayoozesha vichwa vya boriti. Tulitenga theluthi ya fedha zetu kwa ajili ya yasiyoonekana, na zote zililiwa na paa. Wala mtu asianze kubomoa bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe na ushauri wa mhandisi. Beit al-Ajaib yenyewe, jengo la kifalme, iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha.

Ukarabati una mtihani wake wa kidini, nao ni rangi. Rangi mbichi huficha ufa, na hufukuza harufu ya unyevu kwa muda wa kutosha kumaliza mauzo. Mtume (SAW) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta chini kumeroa. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichoroa juu watu wakakiona, na akamkana mwenye kughushi. Ukuta wetu wa mashariki uliendelea kutoa unyevu hata baada ya chokaa. Alipokuja mnunuzi tulimpeleka kwenye ukuta huo kwanza, kabla ya kumpandisha juu kwenye mandhari ya bahari. Mwenzetu mmoja alinuna. Mnunuzi alikwenda, akarudi baada ya wiki mbili na bei pungufu, tukakubali. Faida ilikuwa ndogo.

Katika faida hiyo haki ya Zaka isisahauliwe. Nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa ya biashara: mwaka wa Hijria ukitimia huthaminiwa kwa bei ya siku hiyo na kutolewa asilimia 2.5. Iliyonunuliwa ili ipangishwe, kwa kauli ya wanazuoni wengi, haitolewi Zaka yenyewe, bali kodi iliyokusanywa ikifika kiwango na kupitiwa na mwaka.

Ijumaa ijayo, Inshaallah, tutaangalia mikataba ya upangishaji na haki za mpangaji anayekutwa ndani ya nyumba iliyouzwa. Wabillahi tawfiq.