Matairi makubwa, ekseli ile ile: Tairi linapata sifa, difu inalipa bili

Bagamoyo si ngeni kwenye mchezo wa magari. Barabara zake za vumbi zimewahi kutumika kwa mbio za magari za kitaifa, na wikiendi si ajabu kukuta foo wili zimetoka Dar es Salaam, zimepita Bunju na Mapinga, zinakwenda Makurunge na bonde la Wami kutafuta mchanga na tope.

Nyingi ya hizo zina fasheni moja: matairi makubwa. Mtu ana Land Cruiser mkonga yenye tairi za 7.50R16, anazivua, anafunga za inchi 35. Gari linakaa kibabe kweli. Lakini ekseli ya mbele ni ile ile ya kiwandani, haijaguswa hata nati. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Unapata sentimita nne tu

Tuanze na hesabu. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha takriban sentimita 80. La inchi 35 lina karibu 89. Tofauti ni sentimita 9, lakini ekseli hupanda nusu yake tu, yaani sentimita 4 na ushei. Hizo ndizo unazopata juu ya jiwe au kisiki.

Unachotoa ni zaidi. Kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali kwa asilimia 11 hivi, kwa hiyo gia zote zinakuwa nzito na injini inahema mlimani. Breki nazo zinapambana na gurudumu zito zaidi. Hata mshale wa spidi unadanganya: ukisoma 50, gari liko karibu 55. Trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako.

Tairi dogo ni fyuzi

Gari lenye tairi la kawaida likikwama, tairi huteleza. Wengi wanaona huo ni udhaifu, kumbe ndio unaoiokoa ekseli, maana nguvu inaishia kwenye tope. Tairi la kawaida linafanya kazi ya fyuzi.

Tairi kubwa linang'ang'ania, na kwa kuwa ni refu, shafti inahitaji nguvu zaidi kulizungusha. Sasa piga picha: uko gia ya kwanza nzito, usukani umekatwa hadi mwisho, gurudumu limebanwa na mzizi, na wewe unakanyaga mafuta. Nguvu ile lazima itokee mahali. Itatokea kwenye sivijointi, ile jointi inayozungusha gurudumu huku ikiliacha likate kona, ambayo huwa dhaifu zaidi usukani ukiwa umekatwa mwisho. Utasikia "ta!", na gari linabaki kuvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Ukifunga na ringi za kutokeza nje, beringi za gurudumu na za kingpini zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Dalili yake ni usukani kutetemeka ukifika mwendo fulani.

Bahari haisubiri fundi

Pwani yetu ina adhabu yake. Wakati wa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3. Aliyevunja ekseli kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa ana saa chache tu, kisha chumvi inaanza kuingia kwenye habu na difu. Gari la mamilioni linaweza kuzama hivyo hivyo watu wakilitazama.

Na mchanga wenyewe hauhitaji inchi 35. Unahitaji upepo mdogo. Shusha kutoka 35 au 40 hadi 18 hivi, tairi lile lile la kawaida litatandaza unyayo wake na kupita. Kabla ya kurudi lami, jaza tena.

Majirani zetu Kenya wana Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989. Magari hupewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Humo kuna mashine zilizojengwa upya kabisa, lakini lipo pia kundi la magari yasiyobadilishwa. Anayesoma njia vizuri naye ana mashindano yake.

Kama bado unazitaka

Kwa safari za Wami na pwani, tairi la inchi 33 lenye meno mazuri linatosha wengi. Ukiona lazima 35, anza chini: sivijointi na shafti imara, gia za difu za mbele na nyuma zenye uwiano mmoja, breki, tairodi endi, oili sili mpya. Matairi yawe ya mwisho kununuliwa.

Na ukikwama kwenye tope la Ruvu, nyoosha usukani kwanza ndipo ukanyage mafuta. Gari likigoma, toa mguu, chukua koleo. Koleo ni bei rahisi kuliko difu.