Je, Wajua? Maajabu ya Dirisha la Dawa, Kutoka Palma Hadi Pemba

Sogea, jirani, benchi ni refu na foleni ya dawa leo haina haraka. Nina mambo ya kukupa!

Je, wajua kwamba Siku ya Wafamasia Duniani ni Septemba 25? Mtajie tarehe hiyo mtu yeyote wa mkoa wa Cabo Delgado, atakujibu kwa neno moja: Chai! Pale Chai, wilaya ya Macomia, ndipo zilipolia risasi za kwanza za vita vya ukombozi wa Msumbiji, Septemba 25, 1964. Wafamasia nao wanaikumbuka kwa sababu Shirikisho lao la Kimataifa lilizaliwa Septemba 25, 1912. Sherehe mbili, siku moja, na watu wa pwani hii wana haki ya zote mbili.

Rais wa kwanza wa Msumbiji alikuwa muuguzi. Ndiyo, Samora Machel! Kabla ya kushika bunduki alihudumia wagonjwa katika hospitali ya Miguel Bombarda, Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo. Uhuru ulipatikana Juni 25, 1975. Kabla mwezi mmoja haujapita, Julai 24, huduma za afya zikawa mali ya umma.

Na 1977 je? Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza kabisa ya dawa muhimu. Msumbiji, taifa lenye umri wa miaka 2 tu, ilitoa mwongozo wake wa dawa wa taifa mwaka huo huo!

Tuje kwenye bei. Katika hospitali ya serikali Msumbiji, kwa miaka mingi cheti cha dawa kililipiwa meticais 5. Tano! Kumwona daktari, metical 1.

Hebu nikuulize: ukipewa dawa, unasimama dirishani muda gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walishika saa wakapima. Tanzania, mgonjwa alipata wastani wa sekunde 78 hivi; Nigeria, sekunde 12 na nusu! Ndani ya muda huo uambiwe vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi, na uondoke umeelewa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba nusu ya wagonjwa hawatumii dawa zao inavyopaswa. Kwa hiyo uliza, jirani. Uliza tena. Mfamasia mzuri anafurahi kuulizwa.

Haya, ingia kwenye malaria, maana huku ndiyo mgeni asiyekwisha. Dozi ya mtu mzima ya dawa ya mseto ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara 6, kwa siku 3. Dozi ya pili humezwa baada ya saa 8 tangu ya kwanza. Wangapi wanakosea hapo! Wanangoja kesho.

Na hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Mle ndani ya mseto mna dawa iitwayo lumefantrini, nayo hupenda mafuta. Watu wazima wenye afya walipoimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, miili yao ilifyonza mara 16 zaidi ya waliomeza tumbo tupu. Mara kumi na sita! Ndiyo maana yule dada wa farmasia anakusisitiza: kula kwanza, kunywa hata maziwa. Sasa tazama minazi ilivyosimama kutoka Quionga hadi Ibo, kisha niambie ni nani anayekosa mafuta kwenye chungu mahali ambapo samaki hupikwa kwa tui. Tatizo ni kwamba mwenye homa hataki kula, na hapo ndipo neno la mfamasia linapookoa dozi nzima.

Mtoto anatema dawa? Walifikiria hilo pia! Watoto wa shule wa Tanzania walionjeshwa mseto wa kuyeyusha kwenye maji wenye ladha tatu: chungwa, stroberi na cheri. Ikachaguliwa cheri. Kisha dawa ikajaribiwa kwa watoto 899 wa Tanzania, Kenya, Msumbiji, Mali na Benin, matokeo yakachapishwa 2008, na mwandishi wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mtanzania, Salim Abdulla wa Ifakara. Dawa inayomezwa leo na mtoto wa Mocímboa da Praia, wenzake waliionja kabla yake.

Pakiti zenyewe umezitazama vizuri? Zina picha na rangi, ili hata asiyesoma asipotee. Ile ya njano kwa kawaida ni ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15. Na ukiona mfamasia anamweka mwanao kwenye mizani kabla ya kugusa dawa, usinune: dozi inafuata kilo.

Ukianza dawa ya kifua kikuu, mkojo wako utageuka rangi ya chungwa. Usikimbie! Ni rifampisini, na inaweza kupaka rangi hata jasho na machozi. Kuna watu wameacha dawa kwa hofu ya rangi hiyo, na mtu mmoja dirishani angeweza kuwatoa hofu kwa sentensi moja.

Dawa ya maji ya amoksilini, ikishachanganywa na maji, kwa kawaida haipiti siku 7 nje ya friji. Ile chupa ya mwezi uliopita hapo rafuni kwako, imwage.

Sasa kaa vizuri. Je, wajua kwamba pwani hii iliwahi kujaza makabati ya wauza dawa wa Ulaya? Mzizi unaitwa kaumwa. Ni mmea unaotambaa, wa misitu ya kuanzia Ibo kushuka hadi mto Zambezi. Mzizi wake huchimbwa, hukatwa vipande vya mviringo, hukaushwa, na ndani una manjano na uchungu usiosahaulika. Wazee waliutumia kwa tumbo. Mwaka 1671 tabibu Mwitaliano Francesco Redi alikwisha kuuandika. Mwaka 1773 daktari wa Manchester, Thomas Percival, akausifu, na baadaye ukaingia kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza kama dawa ya tumbo na hamu ya kula.

Na kwa muda mrefu walionunua hawakujua unatoka wapi! Walidhani ni Ceylon. Mpaka 1805, Mfaransa mmoja aitwaye Fortin alipochukua mzizi mbichi kutoka Msumbiji akaufikisha Madras, ukapandwa, ukachipua. Fikiria ni kina nani waliokuwa wakiuchimba miaka yote hiyo, wakiujua jina, msitu na msimu. Vitabu vya Ulaya havikuwaandika, nami naona walistahili.

Chanjo hukaa baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikipanda ni hasara, ikiganda nyingine huharibika pia. Sasa weka friji katika kituo cha afya kisicho na umeme, katikati ya jua la Cabo Delgado, utafanyaje? Zamani walichoma mafuta ya taa. Mwaka 2002 shirika la VillageReach na ile Fundação para o Desenvolvimento da Comunidade ya Graça Machel wakaja na jibu ambalo sijalisikia pengine: wakaanzisha kampuni ya gesi! VidaGas, hapa hapa kaskazini, mitungi ya gesi ya kupoza friji za chanjo, na ziada kuuzwa kwa watu wa kawaida. Pamoja na gesi wakapanga magari ya kupeleka chanjo kituo hadi kituo, badala ya kumwacha muuguzi aifuate mwenyewe mjini kwa baiskeli au kwa kuomba lifti.

Shika namba hizi. Awali, karibu vituo 80 kati ya 100 viliripoti kuishiwa chanjo. Miaka 5 baadaye ilikuwa 1 kati ya 100. Watoto waliokamilisha chanjo 3 za dondakoo, kifaduro na pepopunda walipanda kutoka asilimia 68.9 hadi 95.4. Na hayo yote Cabo Delgado, mkoa wa mbali kabisa na Maputo, zaidi ya kilomita 2,400 kwa barabara kutoka Pemba!

Aprili 25, 2019, kimbunga Kenneth kikatua Cabo Delgado, wiki 6 tu baada ya Idai kuipiga Beira. Kipindupindu kikafuata. Mwezi Mei dozi karibu 500,000 za chanjo zikaletwa, za kunywa, bila sindano, na Pemba, Metuge na Mecúfi wakanywa.

Dawa 1 kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au hafifu. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyokadiria 2017. Kwa hiyo vidonge vya kwenye sinia sokoni, vilivyolala juani tangu asubuhi, viache hapo hapo.

Panda na mto Ruvuma mpaka mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Huko ndiko, 2003, yalikoanza maduka ya dawa muhimu: muuzaji wa kijijini anafunzwa, anakaguliwa, anapewa ruhusa ya kuuza hata baadhi ya dawa za cheti. Kutoka mkoa mmoja, maduka yakapita 9,000!

Msumbiji yenyewe ina wahudumu wa afya wa kijijini, waliojulikana kama APE, tangu 1978. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwazima mwishoni mwa miaka ya 1980, 2010 wakafufuliwa. Kila mmoja ana sanduku lake la dawa: malaria, kuhara, nimonia.

Na wanafunzi wa ufamasia wa Universidade Lúrio, Nampula, wanajifunzia wapi? Darasani, na majumbani! Chuo hicho kilichopewa jina la mto unaotenganisha Nampula na Cabo Delgado kina mpango wake, mwanafunzi mmoja, familia moja.

Ya mwisho, maana naona jina lako linaitwa. Tete, 2008: wagonjwa wanaotumia dawa za VVU waliishi mbali na kituo, nauli ikawashinda. Wakaungana katika vikundi vya hadi watu 6. Mwezi huu anakwenda mmoja, anapimwa, anarudi na dawa za wote. Mwezi ujao mwingine. Walipofuatiliwa wagonjwa 1,384 kwa mwaka mmoja hivi, asilimia 97.5 walikuwa bado kwenye matibabu, na mpango huo ukaenea nchini!